Mwaka Nilioambiwa Ninamla Mbuyi

Nilikuwa mtoto wa miaka mitano nilipoambiwa kwamba ninamla ndugu yangu. Sikuambiwa kwa mzaha. Niliambiwa na mtu mzima aliyevaa suti nyeupe, mbele ya mama yangu, na mama yangu hakubisha. Nimekua, nimesoma, sasa nafundisha watoto wa shule ya chekechea hapa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, na bado kila nikiyakumbuka maneno yale hasira hunipanda kana kwamba nimeyasikia leo asubuhi.

Ndugu mwenyewe ni Mbuyi, pacha wangu. Mimi ni Kabanga. Kwetu sisi tulio na asili ya Kasai majina hayo hayachaguliwi. Anayetangulia kuzaliwa ni Mbuyi, anayefuata ni Kabanga, na tangu siku hiyo mama huitwa Mwambuyi na baba Shambuyi, hata kama walibatizwa majina mengine. Babu yetu aliletwa Katanga kwa garimoshi kufanya kazi ya mgodi, akafia huku, akazikwa huku. Baba naye aliendesha mashine kwenye machimbo ya shaba. Tulikaa mtaa wa Manika, na mama aliuza vikwembe sokoni, vitambaa ambavyo watu wa kwingine huviita vitenge.

Tulizaliwa kabla ya wakati. Mimi nilikuwa mdogo, lakini Mbuyi alikuwa mdogo kupita kiasi. Kaku, bibi yetu mzaa baba, alipenda kusema kwamba ungeweza kumlaza ndani ya kofia ya marehemu babu na nafasi ikabaki. Nilirudishwa nyumbani, Mbuyi akabaki hospitalini kwenye kisanduku cha joto kwa wiki nyingi. Jambo hilo lilimuudhi Kaku kuliko hofu ya kumpoteza mtoto. Alikuwa na sheria zake za mapacha, au mapasa kama tunavyowaita, sheria alizozikuta kwa mama yake, na kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba mapasa hawabaguliwi. Nguo moja, sahani moja. Mmoja akimeza kwinini, mwingine naye alambe kijiko. Mmoja akichapwa, mwingine naye aguswe na fimbo, hata kwa kumpapasa tu. Alisema pacha anayebaguliwa hukasirika, akikasirika huondoka duniani, na akiondoka humvuta mwenzake. Mimi nilizichukia sheria hizo, hasa ile ya kwinini.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kukigusa kile kitu. Alikuwa akituogesha uani, sote wawili ndani ya beseni moja, akahisi ubavuni mwa Mbuyi, upande wa kulia chini ya mbavu, kitu kigumu. Alikibonyeza na Mbuyi akacheka kwa sababu alitekenywa. Kaku aliposikia alisema ni minyoo. Ikanunuliwa dawa ya minyoo, na bila shaka tulikunywa wote wawili.

Tumbo halikusikia dawa. Lilikua polepole, na kwa kuwa lilikua polepole watu wa nyumbani walilizoea. Baba alimpeleka Mbuyi kwenye zahanati moja. Wakamtazama akiwa amesimama, hawakumvua shati, wakasema wengu umevimba kwa malaria, wakampa vidonge. Vidonge vilipokwisha, tumbo lilikuwa limezidi. Kiangazi kilipofika shati lake halikufungika vifungo vya chini, mikono na miguu yake imekonda, macho yamekuwa makubwa. Alikula matonge machache ya bukari, yaani ugali, akasema ameshiba. Akilazimishwa alitapika.

Na mimi katika miezi hiyohiyo nilinenepa. Nilikuwa na njaa ya mtoto mzima wa afya, tena Kaku hakutaka sahani zetu zirudi moja tupu na moja imejaa. Mbuyi akishindwa chakula, Kaku alinisogezea sahani yake na kuniambia nimalizie ili tuwe sawa. Nilimalizia. Majirani wakapita, wakamwona mmoja anaisha na mwingine anajaa, wakaangaliana. Nadhani maneno yalianza hapo, nje ya ukuta wetu, kabla hayajaingia ndani.

Kaku akaondoka kwenda Lubudi kwa binti yake, kumsaidia kuvuna mahindi. Angekuwepo, sijui kama yaliyofuata yangetokea. Lakini hakuwepo, na mama alikuwa amechoka. Rafiki yake wa sokoni, tuliyemwita Mama Bea, akamwambia kuna nabii ambaye ameshafungua matumbo mengi, hata ya wanawake tasa. Mama akatufunga vitambaa vinavyofanana, akatupeleka.

Nyumba ya maombi ilikuwa uwanja wenye ukuta, na paa la bati, na viti vya plastiki. Nabii alikuwa mtu wa umri wa baba yangu. Nakumbuka harufu ya sabuni nzuri mikononi mwake. Mama alimvua Mbuyi shati ili amwonyeshe tumbo. Nabii hakuligusa. Nataka hili lieleweke, kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko yote: mgonjwa alikuwa mbele yake, tumbo limetuna kama ngoma, na yule mtu hakunyoosha hata kidole. Mkono wake aliuweka juu ya kichwa changu.

Alimuuliza mama, "Mu nyumba yenu, nani anakulaka muzuri?"

Mama alinitazama.

"Shida haiko kwa huyu mugonjwa," nabii akasema. "Shida ni huyu wa pili. Huyu njo anakula ndugu yake."

Akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya upole kama ni kweli. Nilidhani anazungumzia bukari. Nilisema ndiyo. Akauliza nani alinifundisha. Nikasema Kaku. Nilijibu kwa furaha kidogo, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu mzima alikuwa ananiuliza mimi na si Mbuyi. Mama akajishika mdomo. Kwa majibu hayo mawili nilikuwa nimekuwa muloji, yaani mchawi, na bibi yangu amekuwa mwalimu wangu.

Baba alipoambiwa jioni hakupinga. Watu husema baba yangu ni mtu mpole, na ni kweli, lakini mimi najua upole wake ulivyotumika siku ile. Alimwacha mama aamue, na mama aliamua nibaki kwa nabii mpaka nimwachie Mbuyi.

Nyuma ya uwanja kulikuwa na chumba chenye sakafu ya saruji na mikeka. Tulikuwa watoto kadhaa. Mmoja alikuwa na kifafa, mwingine baba yake wa kambo alikuwa amefilisika, na kosa la wengine sikulijua, wala wao nadhani hawakulijua. Tulifunga kula. Jioni tulipewa uji mwepesi sana. Asubuhi wanawake wawili wa kanisa walikuja kutuuliza maswali. Kwangu swali lilikuwa moja: nyama ya Mbuyi nimeiweka wapi? Nilipowaambia sina nyama walisema naficha, na uji wa jioni haukuja.

Mtoto wa miaka mitano si mjinga. Nilielewa upesi kwamba jibu la kweli halina uji. Kwa hiyo nilianza kutafuta jibu lingine. Kwa jirani yetu mmoja, mkubwa wa mgodini, nilikuwa nimeona kabati jeupe la baridi, na ndani yake nyama. Ndipo mahali pekee duniani nilipowahi kuona nyama imewekwa. Wale wanawake walipokuja tena, nikawaambia iko ndani ya frigo. Walifurahi mno. Jioni ile nilipata uji na sukari.

Jumapili nilisimamishwa juu ya kiti ili watu wote wanione. Nabii akaniambia nirudie. Nikarudia: nyama ya Mbuyi iko mu frigo. Watu wakapiga kelele za sala, mama akalia, Mama Bea akamshika mabega. Mbuyi alikuwa amekaa mbele, amepakatwa na baba, na katikati ya zile sala nilisikia sauti yake.

"Mama," alisema, "tuko na frigo?"

Hatukuwa nayo, hatukuwahi kuwa nayo. Katika umati ule wa watu wazima, wengine wamesoma, wengine ni wafanyakazi wa ofisi, mtoto mgonjwa ndiye pekee aliyeuliza swali lenye akili, na aliambiwa anyamaze.

Tumbo halikushuka. Basi nabii akasema nimetoa nusu tu, nyingine nimeibakiza. Safari hii nikafungishwa kavu, bila maji. Kuna sehemu ya siku hizo siikumbuki, na siitafuti. Nakumbuka saruji ilikuwa baridi, na nililaza shavu juu yake kwa sababu ilinipa raha. Nakumbuka ulimi wangu ulikuwa mkubwa mdomoni.

Habari zilifika Lubudi kwa mfanyabiashara wa samaki wakavu aliyekuwa akipanda na kushuka na gari la moshi. Alimwambia Kaku kwamba mjukuu wake amekiri uchawi, na kwamba yeye mwenyewe ametajwa. Kaku aliacha mahindi shambani. Alifika Kolwezi mchana, hakupita nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa nabii. Mlangoni walimwambia muloji hawezi kukanyaga pale. Mama yangu alikuwepo siku hiyo, amemleta Mbuyi kuombewa, na ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba Kaku hakugombana na mtu. Alimsogeza mlinzi kwa kiwiko kama mtu anayepita sokoni, akaingia mpaka chumba cha nyuma.

Alinikuta nimelala pale sakafuni, siitiki. Akaniinua, akanifunga mgongoni kwa kikwembe chake, mtoto mkubwa wa miaka mitano, kama mchanga. Kisha akamgeukia mama.

"Chukua Mbuyi, tuende," alisema. "Mapasa habagulibwe."

Mama anasema hajui kwa nini alitii. Nabii alikuwa amesimama pale, akisema kwamba wakitoka Mbuyi atakufa. Pengine alitii kwa sababu Kaku hakuomba ruhusa. Walitoka, wakapanda taksi-moto mbili, zile pikipiki za abiria, wakaenda kwenye zahanati nyingine, si ile ya vidonge vya malaria.

Daktari alikuwa kijana. Alinitazama mara moja akaagiza nitundikiwe chupa ya maji, serumu. Sindano ikaletwa, na hapo Kaku akaushika mkono wa muuguzi. Akasema huwezi kumchoma huyu bila kumfanyia kitu na mwenzake. Daktari alimwambia kwa heshima kwamba anayekufa kwa kiu ni mimi, yule mwingine atazamwe baadaye. Kaku hakuachia mkono.

"Ni mapasa, dokta," alisema. "Ukigusa moja, gusa na mwenzake. Kisha utafanya ile unataka."

Nimefikiria mara nyingi kuhusu daktari yule. Angeweza kumfukuza, kwani alikuwa na haraka na alikuwa na haki. Lakini aliona njia fupi ya kuanza kazi yake ni kumridhisha bikizee. Akamlaza Mbuyi kwenye kitanda cha pili, akampandisha shati, akaweka kiganja juu ya tumbo, ili tu aseme amegusa.

Kiganja kilibaki pale. Mama anasema daktari alibonyeza huku, akabonyeza kule, akafuata kwa vidole ukingo wa kile kitu chini ya mbavu, na uso wake ukabadilika. Muuguzi alikuwa ameshanichoma sindano na hakuna aliyeona. Daktari akauliza, "Hii iko hapa toka lini?"

Mama akaanza kuhesabu miezi, akashindwa kumaliza.

Siku zilizofuata mambo yalikwenda mbio. Mbuyi alipimwa kwa ile mashine ya kuangalia tumbo, ikaonekana kwamba ini lake lina uvimbe mkubwa. Wakapelekwa Lubumbashi, yeye na mama, kwenye hospitali kubwa. Damu ikapimwa, kipande kidogo cha uvimbe kikatolewa kwa sindano, na jina la ugonjwa likapatikana: kansa ya ini, ile inayowashika watoto wadogo. Daktari wa kule alimuuliza mama maswali mengi. Je, mama mwenyewe amewahi kuugua macho ya manjano? Watoto hula karanga au mahindi yaliyoota ukungu? Kuna mtu wa ukoo aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo? Mama akapimwa damu yeye mwenyewe, homa ya ini haikuonekana. Mwishowe daktari akauliza mtoto alizaliwa vipi, na mama akamwambia habari ya kile kisanduku cha joto. Daktari akatikisa kichwa kukubali. Akasema watoto wanaozaliwa kabla ya wakati wakiwa wadogo sana hushikwa na ugonjwa huu zaidi ya wengine, ingawa wengi wao hawashikwi, na ingawa hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwa nini huyu na si yule.

Kwa nini huyu na si yule. Nabii alikuwa na jibu la swali hilo kwa dakika moja. Mtu aliyesoma miaka mingi alikubali kwamba hajui lote.

Walianza na dawa za mshipa, ili uvimbe unywee kwanza, ndipo wakate. Nywele za Mbuyi zikaanguka. Mama alipiga simu kwa jirani, Kaku akaitwa kusikiliza, na aliporudi alichukua wembe, akanikalisha kwenye kigoda, akaninyoa upara. Sikulia. Nilijua sababu, na kwa mara ya kwanza sheria zake hazikuniudhi. Siku ya kukatwa kwa Mbuyi alinichora tumboni mstari wa pemba, ule udongo mweupe wa mapasa, kutoka ubavu hadi ubavu, akakaa kando yangu akinishika mguu mpaka simu ikapigwa kusema ametoka salama. Walikuwa wametoa sehemu kubwa ya ini, na daktari alimwambia mama asiogope, ini la mtoto hukua tena. Kisha dawa zikaendelea kwa muda, ili kuua mabaki.

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mtoto wa Likasi mwenye ugonjwa uleule. Yeye wazazi wake walikuwa wamemweka kwenye maombi muda mrefu kuliko Mbuyi, na alipofika uvimbe ulikuwa umeshapeleka mbegu kwenye mapafu. Dawa zilimpunguzia maumivu, basi. Mama alikuwepo alipokufa. Daktari aliwaambia akina mama wa wodi ile kwamba ugonjwa huu ukipatikana ungali ndani ya ini, ukapata dawa na kisu, watoto wengi hupona. Ukiachwa utembee, wachache. Mama aliniambia hayo mwenyewe, kwa mdomo wake. Ndiyo maana siwezi kusema hakuelewa.

Maana waliporudi Kolwezi, Mbuyi amenenepa kidogo, nywele zimeanza kuota, Jumapili ya kwanza walikwenda kutoa shukrani. Si kwa daktari. Kwa nabii.

Nilikuwepo. Kaku alikataa kuingia, akabaki nje ya ukuta, amekaa juu ya jiwe, ameipa nyumba ya maombi kisogo. Nabii alimpandisha Mbuyi mbele, akafunua shati, akawaonyesha watu kovu. Akasema Mungu anaweza kutumia kisu cha daktari, lakini kisu hakikati kitu ambacho muloji hajakiachia. Akasema siku niliyokiri ndiyo siku uvimbe ulipofunguliwa. Akaniita na mimi, na upara wangu ambao Kaku alikuwa bado anaunyoa, akawaambia watu wapige makofi kwa mtoto aliyekubali kuacha nyama ya ndugu yake. Walipiga makofi. Mama alipiga makofi. Niliwatazama nikiwa na njaa ya kutoka pale.

Ndivyo hadithi ilivyobaki mtaani kwetu. Mbuyi aliugua, Kabanga akaachia, Mbuyi akapona. Nimeishi ndani yake miaka yote. Shuleni wenzangu walificha vitumbua vyao. Shangazi mmoja hakunywa maji niliyochota mimi. Nilipopata mchumba, wazazi wake walikuja kuuliza kwa majirani, wakarudi zao hawakuonekana tena. Zile dawa za kansa zilipunguza uwezo wa Mbuyi wa kusikia. Daktari alikuwa ameonya kwamba huweza kutokea. Hasikii simu ikilia chumba cha pili, na ukimwita kwa sauti nyembamba hageuki. Hilo nalo lilipata maelezo. Walisema niliachia ini, nikabaki na masikio.

Kaku alikufa nikiwa kidato cha mwisho. Kwenye msiba wake, huku tukiimba, nilimsikia mwanamke nyuma yangu akimwambia mwenzake kwamba huyu ndiye aliyemfundisha mjukuu. Niligeuka nikamtazama mpaka akainama.

Sitaki kumpamba Kaku. Hakujua lolote kuhusu ini. Sheria zake, sawa na maneno ya nabii, hazikuwa na ushahidi, na angeweza kunichelewesha ile serumu nikafa mikononi mwake, kwa ajili ya imani tu. Najua. Lakini nimekaa nikazipima imani zile mbili zilizogombania miili yetu. Ya Kaku ilidai watoto wawili wahesabiwe kila mara, hata ikawa kero. Ya nabii ilidai mtoto mmoja atolewe ili mwingine aishi, na ikampata kwa urahisi, kwa sababu alikuwa mdogo na alikuwa na njaa.

Nabii yupo. Kanisa lake sasa liko upande wa Kasulo, na vijana wanaochimba kobalti chini ya nyumba za watu huenda kuombewa kabla ya kuteremka mashimoni. Nimepita pale mara moja, nikaona kuna chumba nyuma. Nilikwenda kwenye ofisi ya watu wanaoshughulikia watoto nikaeleza. Walinisikiliza vizuri, wakanishukuru. Nimerudi mara nyingine, na nitarudi tena.

Mama nilimuuliza mwaka jana. Tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, mimi na yeye tu. Nilimuuliza kama mpaka leo anaamini nilikuwa ninamla Mbuyi.

"Nilikuwa na mutoto anakufa," alisema, "na hakuna mutu aliniambia ni nini. Ile nabii alinipa mutu wa kupigana naye."

"Mutu ile ilikuwa mi, mama."

"Najua," alisema. Akaendelea na majani. Sitasema kwamba nilimsamehe pale jikoni, kwa sababu sikumsamehe. Namletea dawa zake za presha kila mwezi, nampenda, na sijamsamehe.

Mbuyi amepata mtoto mwaka huu, msichana, aliyezaliwa kwa wakati wake na kwa uzito mzuri. Nilipokwenda kumwona, mama mkwe wake alinipokea mlangoni kwa adabu zote, akasema mtoto amelala. Nilimsikia mtoto akilia ndani. Nikageuka. Mbuyi akanifuata hadi barabarani, akiwa amevaa viatu vya mkewe kwa haraka.

Aliniomba nisikasirike. Alisema yule mama ni mtu wa zamani, ataacha tu, tusimtie aibu mkewe siku kama hii. Mbuyi ni mtu wa amani. Hakumbuki mengi, na anachokumbuka anakichekea. Aliniwekea mkono begani.

"Kabanga, acha hii maneno," alisema. "Inapita. Tulipona bote mbili."

Nilimsogelea karibu na sikio ili nisilazimike kupaza sauti.

"Weye ulipona," nilimwambia. "Mi sikukuwa mugonjwa."

Pikipiki zilipita, vumbi likatufikia miguuni. Nilimwona akilifikiria, kwa mara ya kwanza labda, kaka yangu aliyekua akisikia kwamba tuliponywa sote wawili, bila mtu kumwambia kwamba mmoja wetu hakuwa mgonjwa.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Haukukuwa mugonjwa."

Maneno hayo ni madogo, na hayarudishi kitu. Lakini nilikuwa nimeyasubiri tangu nikiwa na miaka mitano, na hakuna mtu mzima aliyewahi kunipa. Hasira yangu haikuisha pale barabarani, na sitaki iishe, kwa sababu kile chumba cha nyuma bado kina watoto. Mbuyi alirudi ndani. Sikujua amewaambia nini, ila nilisikia sauti yake ikipanda, yeye ambaye hapandishi sauti, na nilibaki nimesimama palepale nikingoja kuona kama mlango utafunguliwa.